Nani Alisema Watoto wa Kisii Hawana Msimu wa Baridi?

Wasee, kila Desemba mitandao inajaa video za watoto wa ng'ambo wakiteleza kwenye theluji, na kwa comments utapata Mkenya ameandika, "Sisi hatukupata utoto kama huu." Mimi hucheka. Nimelelewa Nyamira, na kwetu baridi ilikuja na michezo yake.

Anza na ardhi yenyewe. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Nyamira zinapita 2,000. Mchana hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapanda hii milima, inapoa, na ikipanda kwa nguvu sana matone yanaganda huko juu. Ndiyo maana saa tisa alasiri jua linaweza kuwa linawaka, halafu saa kumi mabati yanapigwa na mawe kama ngoma.

Sisi watoto tulikuwa tunangoja ile dakika mawe yanaisha. Unatoka mbio na kikombe, unajaza, unaongeza sukari kama magokoro haoni. Wengine wanarushiana. Halafu tunachukua gamba la mgomba, lile bichi lenye utelezi, mnakaa wawili na kushuka mteremko mpaka mtoni. Jioni nguo imelowa, unachapwa kidogo, kisha mnaota moto jikoni mkichoma mahindi na kutegeana vitendawili. Niambie hiyo si winter.

Lakini kuna siku nilimpelekea mama kikombe kimejaa barafu, nikidhani atafurahi. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba akiangalia majani chai, yote yamechanika. Akasema tu, "Weka hapo." Wiki kadhaa hatukuwa na majani ya kupeleka kituoni, na karo ya ndugu yangu ilichelewa. Tangu siku hiyo nimejua kwamba ile mvua iliyotupa mchezo ndiyo iliwanyang'anya wazazi wetu pesa. Na haikuwa sisi peke yetu: miaka ya 1960, kule Kericho, walijaribu hadi kurusha roketi mawinguni ili kuzuia mvua ya mawe isiharibu chai.

Sasa ngoja niwape historia ambayo shuleni hatukufundishwa. Kati ya 1955 na 1957, Robert na Barbara LeVine, watafiti kutoka Marekani, walikaa Gusii kusoma maisha ya jamii waliyoiita Nyansongo. Ilikuwa moja ya jamii sita zilizolinganishwa, nyingine zikiwa Mexico, Ufilipino, Okinawa, India, na mji mmoja wa New England, Marekani, uliopewa jina Orchard Town. Huko New England theluji ni ya kawaida kila mwaka. Matokeo ya watoto yalitoka kwenye kitabu mwaka wa 1975: wa Nyansongo ndio walionekana wakifanya kazi nyingi zaidi kati ya wote sita, na wa Orchard Town kidogo zaidi.

Kazi gani? Msichana mdogo alikuwa omoreri, yaani mlezi wa mtoto wa nyuma yake. Mvulana alichunga ng'ombe. Zamani ng'ombe wengi walikaa kwenye ebisarate, kambi za mifugo zilizolindwa na vijana wakubwa. Wakoloni wakazivunja mapema karne ya 20, ng'ombe wakarudi nyumbani, na uchungaji ukawaangukia wavulana wadogo.

Mtu anaweza kusoma hayo na kusema watoto wetu hawakucheza. Mimi nakataa. Hata wakati wangu, ukitumwa mtoni kuchota maji, njia yote ilikuwa mchezo. Ukipewa mtoto umbebe, unaruka blada naye mgongoni. Hakuna aliyetutengea saa ya kucheza, tuliiba dakika katikati ya kazi, na mteremko ulikuwa wa kila mtu. Pia sitawadanganya kwamba ilikuwa raha tupu. Kuna wasichana waliolea ndugu zao mpaka shule ikawapita.

Kilichonifanya niandike ni kwamba nilienda ocha juzi. Mvua ya mawe ilinyesha, ikaisha, na hakuna mtoto aliyetoka mbio. Ule mteremko wetu umegawanywa mara tatu, una ua na nyumba ya kupangisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba. Kila kizazi kinagawa shamba, na pa kuchezea ndipo panapoenda kwanza. Binamu yangu wa miaka kumi alikuwa tuition, likizo, ilhali Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo. Na Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1990. Kifungu cha 31 kinasema wazi: mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza.

Watu wazima wanapenda kulaumu simu. Simu ina makosa yake, sawa, lakini mtoto asiye na mteremko wala saa moja ya bure atafanya nini na mikono yake?

Mimi sidai theluji. Nadai wazee wa boma wakigawa shamba waache kipande kimoja cha nyasi, hata kiwe kidogo, na wazazi waache likizo iwe likizo. Yule binamu yangu nilimngoja atoke tuition. Barafu ilikuwa imeyeyuka karibu yote, lakini nilikuwa nimemfichia kikombe kimoja kivulini. Akauliza, "Hii inaliwa?"

Wewe ulicheza nini baridi ikiingia kwenu? Andika hapo chini, na utaje kijiji.