Mayweather wa Pauni 130

Simu za wiki hizi zimejaa ngumi tu. Mjomba ameshikilia kwamba Floyd Mayweather ni mtu aliyetajirika kwa kukimbia ulingoni, binamu zangu nao wanamtajia 50 bila kupoteza, basi kila mtu anapiga kelele na hakuna anayemsikia mwenzake. Nimeona bora niandike.

Kwa maoni yangu wote mnabishana juu ya mtu wa pili. Wengi wenu mlimjua Mayweather mwaka 2007, alipompiga Oscar De La Hoya. Huyo alikuwa ameshapanda uzito mara kadhaa, mikono inamsumbua, anapiga hesabu kama mhasibu. Mimi nataka kumzungumzia kijana wa kati ya 1998 na 2001, aliyekuwa bingwa wa pauni 130. Hizo ni kama kilo 59, yaani mtu mwembamba wa kawaida tu mtaani kwetu. Angalieni hesabu hii kwanza: alipomaliza kazi katika uzito huo alikuwa amepigana mara 27, na mapambano 20 yaliisha kabla ya muda. Mapambano yake 23 yaliyofuata mpaka anastaafu, ni 7 tu yaliyoisha hivyo. Sasa mjomba, mkimbiaji gani huyo wa 20 kati ya 27?

Alizaliwa Grand Rapids, Michigan, mwaka 1977, katika ukoo wa mabondia. Baba yake alipigana na Sugar Ray Leonard mwaka 1978 akapoteza. Baba yake mdogo, Roger, alikuwa bingwa wa WBA wa pauni hizohizo 130 mwaka 1983. Mwaka uliofuata Rocky Lockridge akamlaza raundi ya kwanza, na mwaka 1985 Julio César Chávez akammaliza raundi ya pili. Kwa hiyo uzito huu ulikuwa na habari zake mle nyumbani, na si zote zilikuwa za furaha. Floyd mwenyewe alirudi na shaba kutoka Olimpiki ya Atlanta 1996, baada ya kunyimwa ushindi wa nusu fainali dhidi ya Serafim Todorov wa Bulgaria kwa pointi 10 kwa 9. Nasema kunyimwa, na Wabulgaria waseme yao.

Oktoba 3, 1998, Las Vegas, akiwa na miaka 21 na mapambano 17 tu, akapambanishwa na Genaro Hernández, bingwa wa WBC. Hernández hakuwa bondia wa kupewa mtoto ajifunzie. Alikuwa amepoteza mara moja tu maishani, kwa De La Hoya, tena katika uzito wa juu zaidi. Kwenye pauni 130 hakuna aliyewahi kumshinda, na mkanda ule aliuchukua mwaka 1997 kwa Azumah Nelson wa Ghana. Kijana akamchezea raundi nane kama mwalimu na mwanafunzi, ila mwanafunzi ndiye alikuwa bingwa. Ngumi ya kunyoosha inafika, ya kujibu haikuti kitu. Baada ya raundi ya nane kona ya Hernández ikasema basi. Lilikuwa pambano lake la mwisho.

Desemba hiyohiyo akamzima Angel Manfredy raundi ya pili. Huyu Manfredy mwanzoni mwa mwaka alikuwa amemshinda Arturo Gatti, na alikuwa na tabia ya kuingia ulingoni na kinyago cha shetani. Hakikumsaidia. Jarida la The Ring likamtaja Mayweather kuwa bondia bora wa mwaka 1998.

Mwaka 1999 kuna pambano ambalo watu wa kwetu tulipaswa kulikumbuka zaidi. Mei 22 Mayweather alitetea mkanda dhidi ya Justin Juuko wa Uganda. Jirani yetu kabisa! Juuko alisimama mpaka raundi ya tisa ndipo akahesabiwa. Kila mtu akitaja majina ya waliopigana na Mayweather humtaja De La Hoya, Hatton na Pacquiao, Mganda wetu anasahaulika.

Sitawachosha na Rios, Gerena na Vargas. Alishinda wote. Pambano la Vargas lilikuwa Machi 2000, na mwaka huohuo baba mdogo Roger alikaa kwenye kona, baada ya kijana kukosana na baba yake.

Halafu Januari 20, 2001. Diego Corrales alikuwa na miaka 23 kama yeye, mapambano 33 bila kupoteza, 27 kati ya hayo kwa nokauti, tena mrefu mno kwa uzito ule. Alikuwa bingwa wa IBF kabla ya kuuachia mkanda huo. Wengi walidhani safari hii mtoto atapata kazi. Alichofanya Mayweather usiku ule sijaona bondia mwingine akikifanya dhidi ya mpinzani wa kiwango kile. Alimwangusha mara tatu raundi ya saba na mara mbili raundi ya kumi, na kona ya Corrales ikasimamisha pambano huku Corrales mwenyewe akikasirika, anataka kuendelea. Mtafuteni kanda hiyo. Hakuna kukimbia pale. Anasogea hatua moja pembeni, anapiga, na anakuwa hayupo pale ngumi inapofika.

Miezi minne baadaye, kwao Grand Rapids, akaumia mkono kwa ngumi yake mwenyewe dhidi ya Carlos Hernández wa El Salvador. Maumivu yalimfanya aguse chini na refa akamhesabia. Akashinda kwa pointi. Novemba akamchosha Jesús Chávez mpaka kona ikamtoa baada ya raundi ya tisa. Mwaka 2003 Carlos Hernández alikuja kuwa bingwa wa IBF na Jesús Chávez wa WBC, uzito uleule. Hawakuwa wa kuokotwa.

Utetezi mara nane, basi. Kasoro ipo na sitaifunika. Wakati huo Joel Casamayor, Mcuba anayetumia kushoto, alikuwa na mkanda wa WBA, na Acelino Freitas wa Brazili alikuwa na wa WBO. Hakupigana na yeyote kati yao. Walikutana wao wawili Januari 2002, Freitas akashinda. Mtaniambia Corrales mwaka 2004 aliwashinda wote wawili. Ni kweli, ila ngumi haziendi hivyo. Casamayor naye alikuwa amemshinda Corrales mwaka 2003, na mtu wa kushoto mwenye akili angempa Mayweather mtihani ambao Corrales hakuweza kuutunga.

Sasa nimlinganishe na nani? Azumah Nelson alikuwa mkubwa sana kwenye pauni 130, lakini alifika pale akiwa tayari bingwa wa uzito wa unyoya. Anayelingana naye ni Chávez yule aliyempiga Roger: naye alianzia hapo, 1984 mpaka 1987, akatetea mara tisa, moja zaidi. Lockridge na Juan Laporte walikuwa mabingwa wa zamani na aliwashinda. Lakini Chávez alipigania mkanda uliokuwa wazi, na yeye pia hakukutana na Brian Mitchell wa Afrika Kusini, bingwa wa WBA. Katika ushindi wake wote wa uzito ule sioni hata mmoja wa kuuweka juu ya ule wa Hernández au wa Corrales. Kwa hiyo namweka Mayweather mbele, kwa nafasi ndogo. Angempiga na Casamayor, nisingetumia neno ndogo.

Aprili 2002 alipanda pauni 135 kupigana na José Luis Castillo. Majaji walimpa yeye, na watu wanabisha mpaka leo. Hapo, mjomba, naweza kukusikiliza.