Kutoka Dainamo ya Baiskeli hadi Gesi ya Msimbati

Ndugu wana Kitaya, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Wengi wetu tuliufahamu umeme kwanza kwenye baiskeli. Usiku dainamo ililazwa kwenye tairi, taa ikawaka. Ukisimama, giza. Hatukujua kuwa ndani ya kikopo kile mlikuwa na historia ndefu.

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga vipande vya madini mawili tofauti, katikati akaweka vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata umeme. Hiyo ndiyo betri ya kwanza, babu wa betri zetu za tochi. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza, mtoto wa mhunzi, alionyesha kuwa sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa mizunguko mingi, umeme hupita kwenye waya huo. Tangu hapo limebaki swali moja: nani azungushe? Kwenye baiskeli ni mguu wako. Kidatu, tangu 1975, ni maji. Kwetu Mtwara ni gesi.

Gesi hiyo iligunduliwa Mnazi Bay, upande wa Msimbati, mwaka 1982. Ikakaa chini zaidi ya miaka 20, huku mji wa Mtwara ukiwashwa kwa dizeli iliyotoka mbali. Ni mwishoni mwa 2006 gesi ilipoanza kufikishwa Mtwara kuzungusha mitambo ya umeme. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500.

Tuone basi: ugunduzi peke yake hauwashi taa. Tangu Faraday hadi balbu ya Edison ya mwaka 1879 ilipita miaka 48. Kila mara walihitajika watu wa kugharamia waya wa mwisho.

Hata kijijini ni hivyo hivyo. Nguzo kufika barabarani ni jambo moja. Kutandaza nyaya ndani, kufunga swichi na mita ni jambo jingine, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mchango wa mwaka huu ni wa nyaya na taa za madarasa, ili watoto wanaojiandaa na mtihani wajisomee usiku bila moshi wa kibatari.

Gesi imetoka pwani yetu. Waya wa mwisho tuuvute wenyewe. Karibuni tuchangie.