Filimbi Moja, Vipimo Viwili

Anayetoka Pasiansi kuelekea katikati ya jiji la Mwanza hupita Kirumba kabla ya kufika Uwanja wa Nyamagana. Hapo, tarehe 10 Agosti 1974, Simba na Yanga zilikutana kuamua bingwa wa Tanzania. Adam Sabu aliitanguliza Simba, Gibson Sembuli akasawazisha dakika za mwishoni, na Sunday Manara akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Yanga 2, Simba 1. Nusu karne baadaye, mchezo huo ungali unasimuliwa kwa majina ya wafungaji.

Michezo miwili ya miaka ya karibuni husimuliwa kwa kanuni. Tarehe 8 Mei 2021, pambano la watani lililopangwa saa 11 jioni lilisogezwa siku hiyohiyo hadi saa 1 usiku. Yanga ilidai kuwa kanuni inataka taarifa ya mabadiliko itolewe saa 24 kabla. Ikafika uwanjani kwa saa ya awali, kisha ikaondoka. Mchezo uliahirishwa hadi 3 Julai. Tarehe 8 Machi 2025 ikawa zamu ya Simba. Ilisema ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni iliyotangulia, haki ambayo kanuni huipa timu ngeni, na ikatangaza kwamba haitacheza. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga ikadai pointi na kupeleka shauri hadi mahakama ya michezo, CAS. Mchezo ulipofanyika hatimaye tarehe 25 Juni, mwamuzi wa kati alitoka Misri.

Katika visa vyote viwili kanuni zilikuwapo, zimeandikwa na zimechapishwa. Kilichokosekana ni uhakika wa matokeo ya kuzivunja. Kutojua nani atashinda ndio utamu wa mchezo. Kutojua kanuni itamwangukia nani ndio kifo chake. Mwamuzi wa kigeni huazimwa kwa dakika tisini, lakini imani ya watu haiazimwi.

Wapo watakaosema kwamba busara lazima iachiwe nafasi. Ni kweli, na sheria za soka zenyewe zinakiri hivyo: mwamuzi anaweza kuacha mchezo uendelee baada ya faulo iwapo aliyetendewa atanufaika. Hata hivyo, busara hiyo ina kipimo kinachojulikana, nacho hakibadiliki kwa kutazama rangi ya jezi.

Somo hili halikomei uwanjani. Ofisa anayempa mfanyabiashara mmoja siku saba za kuondoa kibanda, na jirani yake mwenye kosa lilelile siku thelathini, anaweza kuonyesha kifungu kinachompa mamlaka hayo. Aliyepewa siku saba hatakisoma kifungu hicho. Atauliza jirani yake anamjua nani, na tangu siku hiyo atatafuta mtu wa kumjua badala ya sheria ya kuitii.