Ugonjwa wa Kucheka wa 1962 na Wauguzi wa Shule Zetu



Kabla ya kuwaletea mahitaji ya mwaka huu, tunarudi 1962. Tarehe 30 Januari, wanafunzi watatu wa shule ya wasichana ya bweni ya Kashasha, jirani zetu, walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waliporudi makwao, hali hiyo ikazuka Nshamba. Aprili na Mei walipatwa watu 217. Wazee wetu waliuita enwara yokusheka.

Madaktari walipima damu na chakula, wasione kijidudu wala sumu. Wataalamu wengi wanasema ulikuwa mzigo wa mawazo uliotokea mwilini.

Kwa hiyo kabati la dawa peke yake halitoshi. Muuguzi anayefika shuleni mara kwa mara humjua mtoto kwa jina. Hugundua malaria mapema, humsaidia binti aliye hedhini, humsikiliza aliyenyamaza, na anayezidiwa humwahisha Hospitali ya Kagondo.

Mwaka huu tuwachangie wauguzi hao vipimajoto, vipimo vya malaria, taulo za kike, kitanda na pazia. Pazia tusilidharau: nyuma yake mtoto husema asiyoweza kuyasema darasani.

Kila shilingi itakatiwa risiti, na hesabu zitasomwa mkutanoni.