Sentensi Ambatano: Istilahi Moja, Mipaka Miwili

Mwalimu wa sarufi ya Kiingereza huwafundisha wanafunzi wake aina tatu za sentensi kwa kuangalia muundo: sahili, ambatano na changamano. Mgawanyo huu umezoeleka hata hudhaniwa kuwa ni wa tangu na tangu. Sivyo, na mfasiri asiyeijua historia yake aweza kumsingizia mwandishi wa kale jambo asilolisema.

Robert Lowth, katika sarufi yake ya 1762, alitaja aina mbili tu. Sahili ilikuwa na kiima kimoja na kitenzi kimoja kamili. Sentensi sahili mbili au zaidi zikiunganishwa, jumla yake ilikuwa aina ya pili. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na York, aliufuata mgawanyo huo katika kitabu chake cha 1795, kilichoenea sana shuleni Uingereza na Marekani. Aina ya pili aliiita «compound». Tukitumia mifano ya Kiswahili, «Juma analima na Asha anapalilia» na «Juma alipofika, Asha alikuwa amelala» zingalihesabiwa kuwa aina moja.

Mgawanyo mwingine, wa taarifa, swali na amri, Murray anao pia, nao haukuleta utata mkubwa.

Aina ya tatu ilitoka Ujerumani. Karl Ferdinand Becker, aliyekuwa tabibu kabla ya kugeukia lugha, aliichambua sentensi kwa kuangalia kazi ya kila sehemu, hata kishazi tegemezi kikaonekana kufanya kazi ya nomino, ya kivumishi au ya kielezi. J. D. Morell, mkaguzi wa shule nchini Uingereza, aliufuata mpango huo katika kitabu chake cha uchambuzi wa sentensi cha 1852. Pole pole «compound» likapunguziwa eneo, na sehemu iliyomegwa ikapewa jina «complex».

Istilahi zetu zimefuata mgawanyo huo wa baadaye. (Yamkini mwanafunzi atauliza kwa nini kishazi kinachokitegemea kingine hakisemwi kuwa ndicho kinachoambatana, swali si la kipuuzi, lakini istilahi zimekwisha kuzoeleka.) Basi tukimfasiri Murray kwa «sentensi ambatano», msomaji atadhani kwamba sentensi zenye vishazi tegemezi hazimo, hali zimo. Twaona ni heri kuandika «sentensi ya vishazi vingi», hata kama ni ndefu.

Tena fasiri hiyo yatufaa kwingine. Sarufi kubwa ya Quirk na wenzake, iliyotoka 1985, yaziweka ambatano na changamano chini ya jina moja la jumla, «multiple», ambalo mipaka yake yakaribiana mno na ile ya «compound» la Murray. Mfasiri wa vitabu hivyo viwili aweza kutumia maneno yale yale, bali «ambatano» alihifadhi kwa vitabu vilivyoandikwa kwa mpango wa Morell.