Chuma na Wenzake: Historia ya Kukitakasa

Chuma hakitoki ardhini peke yake. Mwambani huambatana na silika, salfa na fosforasi, na anayekitaka hana budi kukiachanisha na wenzake hao. Katika nchi ya Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, matanuri ya udongo yalikuwa yakitoa chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Bonge lililopatikana lilijaa mavi ya chuma, na mhunzi aliyakamua kwa nyundo: akapasha, akapiga, akapasha tena.

Mwaka 1709, huko Coalbrookdale, Uingereza, Abraham Darby alianza kuyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza, badala ya mkaa wa miti. Misitu ikapumua. Lakini makaa ya mawe yana salfa, na chuma chenye salfa nyingi hupasuka kikifuliwa kingali moto. Tangu hapo kila dawa imekuja na ugonjwa wake. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, fundi saa aliyetaka springi bora, alikiyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo hata mavi yakaelea juu. Kilikuwa safi, ila kilipatikana kwa kilo, si kwa maelfu ya tani.

Kishindo kilikuja Agosti 1856. Henry Bessemer alitangaza kwamba hewa ikipulizwa ndani ya chuma kilichoyeyuka, kaboni na silikoni huungua zenyewe, na joto lake latosha bila kuongeza makaa. Wenye viwanda wakanunua haki ya kuitumia mbinu hiyo, wakapata chuma kinachovunjika kama chungu. Sababu ilikuwa fosforasi. Bila kujua, Bessemer alikuwa amefanyia majaribio yake chuma cha Blaenavon, Wales, chenye fosforasi kidogo. Madini mengi ya Ulaya hayakuwa hivyo. Robert Mushet aliponya kasoro nyingine kwa manganizi, ambayo hukamata oksijeni na salfa, lakini fosforasi ilibaki palepale kwa zaidi ya miaka 20.

Aliyeishinda hakuwa mwenye kiwanda. Sidney Gilchrist Thomas alikuwa karani wa mahakama jijini London, akisoma kemia jioni baada ya kazi. Alitambua kwamba fosforasi ikiungua huhitaji chokaa ya kuishika. Lakini matofali ya ndani ya tanuri la Bessemer yalikuwa ya silika, na chokaa huyala matofali hayo. Fosforasi, ikikosa pa kukaa, ilirudi chumani. Thomas akatumia matofali ya dolomiti, akamwaga chokaa bila hofu. Pamoja na binamu yake Percy Gilchrist, mkemia wa Blaenavon, alithibitisha mbinu hiyo, na mwaka 1879 ikaonyeshwa Middlesbrough. Thomas alifariki mwaka 1885 akiwa na miaka 34 tu, na kwangu mimi hakuna jina katika historia hii linalostahili heshima zaidi. Madini ya jimbo la Lorraine, yaliyodharauliwa kwa fosforasi yake, yakawa hazina. Ujerumani, iliyotwaa sehemu ya jimbo hilo mwaka 1871, ikaipita Uingereza kwa chuma cha pua kabla ya 1914. Hata mavi ya matanuri hayo yalisagwa, yakawa mbolea ya mashamba.

Lakini karibu sehemu nne kati ya tano za hewa iliyopulizwa ni nitrojeni, nayo iliingia chumani ikakifanya kigumu na chepesi kuvunjika. Novemba 1952, mjini Linz, Austria, kiwanda kikaanza kupuliza oksijeni tupu. Miaka hiyohiyo Wajerumani walianza kufyonza haidrojeni kwa ombwe, kwa kuwa ilikuwa ikipasua vyuma vikubwa kutoka ndani, siku kadhaa baada ya kupoa.

Leo tatizo ni shaba. Mbinu zote za kuunguza zinategemea kwamba taka huipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda. Shaba haiko hivyo. Ikishayeyuka pamoja na chuma chakavu, haitoki, na kila chuma kinaporudi tanurini huongezeka. Nondo huvumilia asilimia 0.4 hivi, bati la mwili wa gari halivumilii hata 0.1. Viwanda vingi vya nondo vya Afrika Mashariki huyeyusha chakavu, kwa hiyo kazi ya kutakasa huanzia uani, kabla ya moto: kijana ameketi juu ya gurudumu bovu, mota ya umeme miguuni, nyundo na patasi mkononi, akichomoa nyaya nyekundu moja baada ya nyingine.