Penalti zikianza, ami hutoka nje

Nyumba yetu ya Hail Kaskazini, Oman, iko karibu na bahari kiasi cha kusikia mawimbi usiku, ila usiku wa mechi ya timu ya taifa huyasikii. Televisheni hutolewa uani, waya mrefu hupitishwa dirisha la jikoni, mkeka hutandikwa, na birika la kahawa na sahani ya haluwa huwekwa katikati. Ami yangu hukaa pale pale siku zote, mgongo ukutani, kofia kaisogeza nyuma kidogo. Mechi ikifika kwenye mikwaju ya penalti hunyanyuka, huvaa makubadhi, hutoka nje ya lango na kusimama barabarani peke yake mpaka mambo yaishe. Hamuulizi mtu matokeo. Husikiliza honi za magari. Zikilia, tumeshinda. Kukiwa kimya, hurudi ndani akajimiminia kahawa.

Wageni humcheka. Sisi wa nyumbani hatumcheki, kwa sababu tunajua ilikotoka tabia ile.

Ami alizaliwa Unguja na mpira aliujua Mnazi Mmoja, alipokuwa akiwatazama wakubwa wakicheza jioni. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya jamaa zetu: wengine Mombasa, wengine Dubai, Kuwait, Cairo. Oman yenyewe, chini ya Sultan Said bin Taimur, ilikuwa nchi iliyojifungia milango. Mlango ulifunguka tarehe 23 Julai 1970, aliposhika utawala Sultan Qaboos na kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Watu wakaanza kurudi, wengi wao katika nchi ambayo hawakuwahi kuiona hata siku moja. Waliikuta na shule tatu na kilomita kumi hivi za lami. Kule Dhofar vita vilikuwa vinaendelea.

Mwaka huo huo wa 1970, kule Bahrain, ndipo lilipoanza Kombe la Ghuba, au Khaliji kama tunavyoliita barzani. Oman haikuwemo. Iliingia mara ya kwanza kwenye mashindano ya tatu, Kuwait, 1974. Ukiitazama miaka hiyo utaona kwamba timu na watu waliorudi walianza pamoja, wote mikono mitupu. Wenyeji wa mashindano, Kuwait, walikuwa na ligi yao tangu 1961. Baadaye kidogo wakamchukua Mario Zagallo, aliyeipa Brazil Kombe la Dunia la 1970, awafundishe. Kuwait ilitwaa makombe manne ya kwanza ya Khaliji mfululizo. Oman haikuwa hata na chama cha mpira mpaka 1978, na ilijiunga na FIFA 1980.

Matokeo yalikuwa kama unavyodhani. Mashindano baada ya mashindano Oman ilikuwa mkiani au inapumuliana na wa mkiani. Ulipita zaidi ya muongo mmoja kabla ya kushinda hata mechi moja ya Khaliji. Timu nyingine zilikuja uwanjani zikihesabu pointi za Oman kama pesa zilizokwishaingia mfukoni. Rais Mwinyi wa Tanzania aliwahi kuifananisha timu ya nchi yake na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyoa. Neno hilo lilivuka bahari likafika Hail, na barzani kwetu watu hawakulisema wakiifikiria Tanzania.

Sasa hapa nataka nikae kidogo, maana watu huuliza kwa nini mtu akashabikia timu ya namna hiyo miaka yote.

Waliorudi kutoka Afrika walikuwa Waomani kwa damu na kwa hati, lakini mtaani waliitwa Wazinjibari. Kiarabu chao kilikuwa kinavunjikavunjika. Nyumbani walisema Kiswahili, walikula wali wa nazi na mchuzi wa pweza, na jirani akisikia redio ikiimba taarabu alijua ni nyumba gani. Maofisini walipata kazi haraka kwa sababu wengi walikuwa wamesoma, na hilo halikuwaongezea mapenzi kwa kila mtu. Wilaya ya Seeb, ambamo Hail imo, ilikuwa na bado ina watu wa kila namna: Waarabu wa pwani, Wabulushi, watu waliohamia kutoka milimani, na sisi. Kila mmoja alikuwa na barza yake.

Timu ya taifa ilipocheza, barza zilichanganyika. Haikuwa kwa sababu ya ushindi, kwa kuwa ushindi haukuwepo. Ami husema mara ya kwanza jirani Mbulushi kuingia uani kwetu na kukaa bila kuitwa ilikuwa usiku Oman imefungwa, na yule bwana alikuja kwa sababu hakuweza kukaa na uchungu ule peke yake. Walinyamaza pamoja, wakanywa kahawa, akatikisa kikombe kuashiria imemtosha, akaenda zake. Kesho yake walisalimiana barabarani kama ndugu. Mimi naamini kabisa kwamba kufungwa kule kulitufanya Waomani upesi kuliko karatasi yoyote ya idara ya serikali. Mzinjibari na Mbulushi na Mwarabu wa Nizwa walikuwa na neno moja la kusema asubuhi, nalo ni "tumefungwa". Tu, si wa.

Mwaka 1996 mashindano yaliletwa Muscat. Uwanja wa Sultan Qaboos pale Bausher, uliofunguliwa 1985, ulijaa, na kutoka Hail ni mwendo wa dakika ishirini tu kama barabara haina foleni. Kuwait wakachukua kombe mbele ya macho yetu wakaondoka nalo.

Wakati huo huo vijana walikuwa wameanza kutupa dalili. Mwaka 1995 Oman ilikwenda Ecuador kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 ikashika nafasi ya nne, na Mohammed Al-Kathiri akatangazwa mchezaji bora wa mashindano yote. Mwaka uliofuata timu ya vijana ikawa bingwa wa Asia, na mwaka 2000 vijana wengine wakarudia. Ami aliandika majina yao nyuma ya kalenda na kusema hawa wasubiriwe.

Kisha akaja mlinda mlango. Ali Al-Habsi wa Mudhaibi alikuwa mzimamoto kwenye uwanja wa ndege wa Seeb, ambao ndege zake zikishuka tunazisikia hapa Hail. Mwingereza John Burridge, aliyekuwa akiwanoa makipa wa Oman, alimwona na kumshikilia. Mwaka 2003 akaenda kucheza Lyn ya Oslo, na Januari 2006 akasajiliwa na Bolton, Mwomani wa kwanza kufika Ligi Kuu ya Uingereza. Watoto wa Hail waliokuwa wakikimbilia kucheza mbele, sasa waligombania kudaka.

Chini ya kocha Milan Máčala, Mcheki, timu ikaanza kuwatia watu hofu. Ila hofu hiyo ilikuja na maumivu ya aina mpya. Kufungwa na mtu aliyekuzidi hulala nako. Kufungwa pale ulipokwisha kushika ushindi mkononi, hulali. Julai 2004, Kombe la Asia, China: Oman inaongoza Iran 2-0, mabao yote ya Imad Al-Hosni. Iran wakarudisha moja, wakasawazisha mechi ikiwa ukingoni. Desemba mwaka huo huo, Doha, fainali ya kwanza ya Khaliji katika maisha yetu: 1-1 na wenyeji Qatar, halafu penalti. Ami alikaa akatazama kila mkwaju mpaka wa mwisho, na Qatar ikachukua kombe. Huo ndio usiku aliosema hatatazama tena penalti.

Januari 2007, Abu Dhabi, fainali ya pili mfululizo. Ismail Matar akafunga bao moja, na Imarati ikachukua kombe lake la kwanza. Asubuhi ami aliukunja ule waya mrefu kwa kuuzungusha kiwikoni, akaupeleka stoo, akauweka chini ya magunia ya mchele. Akasema basi.

Waya ulitoka stoo Januari 2009, mashindano yaliporudi Muscat. Kocha sasa alikuwa Claude Le Roy, Mfaransa aliyewahi kuzifundisha Cameroon na Ghana. Sare ya 0-0 na Kuwait siku ya kufungua. Iraq tukaipiga 4-0, Hassan Rabia akifunga matatu peke yake. Bahrain 2-0. Nusu fainali Qatar, wale wale wa Doha, 1-0. Al-Habsi hakuwa ameokota hata mpira mmoja wavuni. Tarehe 17 Januari, fainali na Saudia, tulikuwa uwanjani, mimi na ami, tumebanana kwenye ngazi kwa sababu viti vilikwisha tangu mchana.

Dakika 90 hakuna. Muda wa ziada hakuna. Refa alipoonyesha penalti niligeuka, ami hayupo.

Nilimkuta chini, kwenye ushoroba wa kutokea, kaupa uwanja mgongo, uso karibu na ukuta. Pembeni yake alisimama bwana mmoja wa makamo, kanzu nyeupe na kilemba, naye kauelekea ukuta vile vile. Hawakuwa wanajuana. Kila ukipigwa mkwaju ngurumo ilipita juu ya vichwa vyetu, na kwa ngurumo hiyo walijua: hii yetu, hii yao. Zikapigwa tano tano, zikaendelea. Kisha ikaja ngurumo ambayo haikukatika. Ilikuwa 6-5. Yule bwana alimkamata ami kichwa akambusu paji la uso. Ami, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, akasema, "Tumelipata!" Yule bwana, ambaye nina hakika hakujua neno la Kiswahili, akalirudia vile vile: "Tumelipata!" Tukafika Hail karibu na alfajiri, maana barabara yote ilikuwa bendera na honi.

Al-Habsi alimaliza mashindano hayo bila kufungwa bao hata moja mchezoni, na kwa mara ya nne mfululizo akatajwa kipa bora wa Khaliji.

Ningependa kusema tangu hapo mambo yalinyooka. Katika kufuzu Kombe la Dunia la Brazil tulibakisha mechi moja ya kundi, Juni 2013 mjini Amman, tukafungwa 1-0. Januari 2018 Kuwait tulichukua Khaliji ya pili, kwa penalti tena na Imarati. Faiz Al-Rushaidi alimdakia Omar Abdulrahman penalti mwishoni mwa muda wa kawaida, ghafla mno hata ami hakuwahi kuvaa makubadhi, akafunika uso kwa kofia. Kisha akamdakia tena kwenye mikwaju ya kuamua. Furaha ile iliingia doa pale kizuizi cha kioo cha jukwaani kilipovunjika na mashabiki wetu wakaumia. Oktoba 2022 klabu ya wilaya yetu, Al-Seeb, iliyokuwa imepanda daraja 2019 tu, iliishinda Kuala Lumpur City 3-0 kwao Malaysia na kuwa klabu ya kwanza ya Oman kutwaa Kombe la AFC.

Halafu Basra, Januari 2023, fainali ya Khaliji na Iraq. Tukapoteza penalti moja, tukapewa nyingine dakika za majeruhi, Salah Al-Yahyaei akaifunga, 1-1. Muda wa ziada Iraq 2-1 dakika ya 116. Dakika ya 119 tukasawazisha, uani kukawa hakushikiki. Iraq wakafunga la tatu kabla kahawa iliyomwagika haijafutwa mkekani. Januari 2025, fainali nyingine, Kuwait: tukiongoza, Bahrain wakapata penalti wakasawazisha, na dakika mbili baadaye tukajifunga wenyewe.

Juni 2025 tulivuka kwenda hatua iliyofuata ya kufuzu Kombe la Dunia kwa penalti ya dakika za majeruhi dhidi ya Palestina. Nilifurahi na nikaona haya kufurahi, kwani niliwaona vijana wale wameketi chini wanalia, na kilio chao nakijua.

Tarehe 11 Oktoba 2025, Doha, dhidi ya Imarati, katika hatua hiyo, ushindi ungetuweka pazuri mno. Siku hizi sisi tunatazama kwa intaneti na jirani kwa dishi, kwa hiyo yeye hutupita kwa sekunde kadhaa. Kipindi cha kwanza tulisikia kelele za furaha ukutani kwake kabla ya kuona bao, mlinzi wa Imarati kajifunga. Tukakaa nalo zaidi ya saa nzima. Zilipobaki kama dakika 15 tukasikia jirani amenyamaza katikati ya neno. Tukaangaliana. Kisha ndipo mpira ukaingia kwenye televisheni yetu. Dakika ya 83 hakunyamaza, aligonga ukuta kwa ngumi, nasi tukasubiri kuona tulichokwisha kukijua. 2-1.

Hakukuwa na penalti za kumtoa ami nje. Aliketi mpaka refa akapuliza, akakusanya vikombe mwenyewe, akasema usiku mwema. Alfajiri, baada ya sala, nilimkuta uani anaukunja waya, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja, taratibu. Nikajua unakwenda stoo. Alipita mlango wa stoo, akautundika kwenye msumari wa jikoni.